Eldorado Chini ya Godoro

Haya. Mmeniuliza kibandani, mmeniuliza nje ya msikiti, na juzi mmoja wenu amenisimamisha katikati ya barabara nikiwa na roli la reksini begani, anataka kujua kama ni kweli nilichinja ng'ombe wa watu matangani. Nimechoka kueleza nusu nusu. Naandika mara moja, mpitishiane, na atakayeniuliza tena atanunua chai ya wote.

Kwa kuwa najua karatasi hii itafika hata kwa wasionijua: mimi ni Idi, fundi wa viti vya magari, mkazi wa Kaloleni, Kisumu. Mchana kutwa nashona viti vya magari ya wenzangu, na mwenyewe gari sina. Nina vigari. Kila kimoja ni urefu wa kidole, gari la kweli limepunguzwa mara sitini na nne, bodi chuma, chasi chuma, tairi za mpira, rangi imepigwa ikakubali. Na si magari ya ovyo, ni Mmarekani wa zamani, yale yenye mapezi nyuma. Vyote vimo ndani ya ganda la plastiki lililogandishwa kwenye kadi, vilevile vilivyotoka kiwandani. Sifungui. Mkusanyaji wa kweli hafungui. Kadi ikikunjika kona, heshima imepungua. Plastiki ikifunguliwa, basi tena, umebaki na mchezo wa mtoto. Mke wangu Rehema husema nimefungua duka lisilouza kitu.

Baba yangu, Mzee Shabani, mnamjua. Wakati wake alikuwa dereva wa daktari mmoja kule Milimani. Daktari alikuwa na Bel Air ya mwaka wa hamsini na saba, rangi ya yai la bata, paa jeupe, usukani upande wa kushoto, hata baba akitaka kulipita lori ilibidi anyooshe shingo. Kaloleni nzima ilijua honi yake. Nilipokuwa na miaka minane nilipanda juu ya paa la gari lile nikateleza kwa makalio, na chuma cha mshipi wangu kikaacha mchoro mrefu kwenye rangi nyeupe. Baba aliuona. Hakunipiga. Aliniambia tu niende nikacheze. Alimwambia daktari nini, sikuwahi kujua, na niliogopa kuuliza mpaka nikazeeka.

Sasa baba ana miaka themanini na nane na akili inamtoroka. Kila jioni baada ya alasiri anavaa kofia yake ya udereva, anapapasa mifuko, anaanza: "Idi, gari la daktari nimeliegesha wapi?" Ukimwambia gari liliuzwa zamani, analia. Ukimwambia liko gereji, anataka kwenda gereji. Siku moja tukampoteza. Tulimkuta Milimani, kwenye lango la watu wasiomjua, anagombana na askari, anataka afunguliwe aoshe gari. Alikuwa amevuka barabara kuu peke yake, na slipa moja mguuni. Siku ile nililia, nasema wazi. Nilijua tusipolipata hilo gari lake, iko siku tutamwokota barabarani.

Ndipo likanijia wazo la kigari. Katika kundi letu la simu la wakusanyaji kuna mmoja ajiitaye Mhandisi wa Mfangano, na huyo alikuwa na Bel Air ya rangi ileile. Haiuzi. Anabadilishana tu, kwa Eldorado ya hamsini na tisa, nyekundu, iliyofungwa. Nami nilikuwa nayo, miaka tisa kabatini chini ya kanzu zangu. Tulijadiliana miezi minane. Haijafunguliwa? Haijafunguliwa. Hata kidogo? Hata kidogo. Plastiki haijaachia upande? Harufu ya ndani haijatoka? Nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu bwana ni mwenzangu hasa. Nikamweleza habari ya baba, akajibu, "Pole sana. Lete mwenyewe, usitume." Ni kweli, vitu hivi havitumwi. Mara moja nilitumiwa Mustang ikafika imebonyea pande zote.

Kaloleni, mpaka mahali Odhiambo alipopitia kidogo

Odhiambo jirani yangu hupeleka barafu ya samaki Luanda Kotieno kwa pikapu. Aliniahidi vizuri: saa moja tunatoka, saa nne tuko Luanda Kotieno, unapanda feri, jioni uko kisiwani Mfangano unakula samaki. Nilivaa kanzu na kofia kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, nikitumai swala itanikuta Mbita, feri inakotia nanga. Eldorado niliitia kwenye kiboksi chembamba cha kadibodi, nikakizungushia kitambaa cheusi cha viti, nikafunga kamba. Nikakipakata njia nzima. Nyuma kulikuwa na barafu chini ya maranda ya mbao, na kadi haipendi unyevu.

Tulipopita Bondo, Odhiambo akapunguza mwendo.

"Omera, napitia mahali kidogo," akasema. "Kwa kina wife. Mzee wao ameaga, kesho ndio mazishi. Nisalimie tu, dakika kumi."

"Na barafu?"

"Barafu ni ngumu."

Mimi nimekaa Kisumu maisha yangu yote. Najua mkwe hapiti mbele ya boma lenye msiba bila kuingia, na najua dakika kumi za mkwe matangani. Lakini ningefanya nini, pikapu si yangu.

Matangani

Nilishuka kunyoosha miguu, kiboksi mkononi. Sijamaliza hatua tatu, mama mmoja kando ya masufuria akapiga kelele: "Yawa! Amekuja! Sheikh amekuja!"

Nikageuka kumtazama huyo sheikh. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Akaja mzee mmoja amevaa koti zito kwenye lile jua, Jaduong' Otiende, ndugu wa marehemu. Akanishika mkono asiuachie.

"Tumengojea wewe tangu saa kumi na mbili," akasema. "Maji imechemka, imekauka, tumeongeza ingine."

"Mzee, samahani, mimi ni fundi wa viti."

"Leteni sheikh kiti!"

Kiti kikaja. Nikakaa. Boma lile lilikuwa na wageni wa kila namna, na miongoni mwao wafanyabiashara Waislamu waliokuwa marafiki wa marehemu. Ng'ombe asipochinjwa na Muislamu, hao watashinda njaa, na hiyo ni aibu kwa mwenye msiba. Mchinjaji aliyeitwa kutoka Bondo hakutokea, simu yake imezimwa. Na sasa ameshuka mtu kwenye pikapu, ana kanzu, ana kofia, na mkononi ana kitu chembamba kimefungwa kitambaa cheusi.

"Hiyo ndio kisu?" Jaduong' akauliza kwa heshima.

"Hapana. Ni gari."

Akafikiri kidogo. Kisha akawageukia watu akawatangazia, "Gari ya sheikh iko ndani ya box." Na watu wakaitikia, eeh. Nadhani waliona ni mambo ya dini.

Odhiambo akanivuta kando. "Idi, ndugu yangu. Ukikataa, mimi ndio mkwe nimeleta Muislamu wa kukataa. Hii boma nitaingia tena na uso gani?"

"Odhiambo, maisha yangu nimechinja kuku. Na huyo kuku Rehema ndiye humshika, mimi nafumba macho."

"Sasa leo usifumbe."

Basi. Kiboksi nikamkabidhi Mama Pamela, shangazi aliyeshika usimamizi wa nyumba. Nikamwambia pole pole: mahali pakavu, pasipo jua, na kitu chochote kisiwekwe juu yake.

"Usijali baba," akasema. "Naweka mahali hata mwizi hawezi."

Sitawaeleza sana habari ya ng'ombe. Wanaume sita walimshika, kisu kilikuwa kikali, nikasema bismillahi, Allahu akbar, na macho sikuyafumba. Nilipomaliza nilirudi kwenye kiti changu nikakaa nimeshika magoti yote mawili. Watu wakaja kunipa mkono mmoja mmoja. Nikaanza hata kujisikia mtu, hadi pikipiki ilipoingia na yule mchinjaji wa kweli, kisu kiunoni, jasho linamtiririka.

"Wewe ni wa wapi?" akaniuliza. "Unatoka huko kwenu kuja kuchukua kazi ya watu?"

"Ndugu yangu, ichukue. Ichukue na kesho, na keshokutwa."

"Nichukue nini sasa, si umeshachinja!"

Nikamwacha anang'aka, nikamtafuta Mama Pamela. Kiboksi changu kiko wapi?

"Iko kwa godoro."

"Godoro lipi?"

Akanipeleka mlangoni akanionyesha kwa kidevu. Ndani, godoro limetandikwa sakafuni, na juu yake wameketi dada watatu wa marehemu, wanawake wenye miili yao, Mungu awabariki, wanapokea rambirambi tangu asubuhi.

"Iko chini yao?" nikauliza, na sauti ilikuwa ndogo.

"Kila kitu ya maana ya hii nyumba iko hapo," akasema. "Hati ya shamba, vitambulisho, na hiyo gari yako."

Niambieni nyinyi, mnaojua kila kitu pale kibandani. Unamwambiaje mwanamke aliyefiwa na kaka yake asimame, eti amekalia kigari? Niliingia, nikatoa pole, nikakaa mkekani mbele yao. Nikangoja. Kila mgeni aliyeingia alikuwa akimkumbatia shangazi wa katikati, shangazi anainama, anarudi kukaa kwa uzito, na mimi naiona kwa macho ya rohoni Eldorado yangu. Machozi yakanijaa. Yule wa katikati akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Tazama vile sheikh anasikia uchungu. Na hata hakumjua marehemu."

Nilimwombea marehemu kwa dhati, maana nilikuwa na haya.

Nilikaa pale zaidi ya saa mbili. Mwisho harufu ya nyama ikaingia, mtu akaita kwamba chakula tayari, na mashangazi wakasaidiana kusimama. Nyama ya yule ng'ombe niliyemchinja mwenyewe ndiyo iliyowainua. Nikaingiza mkono chini ya godoro kabla hawajafika mlangoni.

Kiboksi kilikuwa bapa. Kadi, kona ya juu imekunjika na mstari mweupe umetokea. Ganda la plastiki limebonyea ubavuni. Gari lenyewe zima, na plastiki haijaachia, lakini si kile kitu nilichomwahidi Mhandisi kwa miezi minane. Nikamkumbuka baba na slipa yake moja. Nilitaka kumrudia Odhiambo nimpige, ila alikuwa ameshika mfupa mkononi na mama mkwe wake anamtazama kwa fahari.

Wakati wa kuondoka wakanipa fungu la mchinjaji, mguu mzima wa mbele ndani ya gunia. Yule wa Bondo akasema ni wake. Nikamwambia tena achukue. Jaduong' Otiende akakataa katakata, akampa shingo, akaniwekea mguu wangu kwenye barafu ya Odhiambo kwa mkono wake mwenyewe.

Luanda Kotieno

Feri ya mwisho ilikuwa imeshaondoka, tuliiona mgongo. Barafu, ambayo ni ngumu, ilikuwa imebaki nusu. Wenye samaki walimzunguka Odhiambo wakamwuliza kama ameleta barafu au ameleta maji ya kunywa. Sikumtetea.

Nilikula samaki, ngege wa kukaanga, na ugali kwenye hoteli ya mabati kando ya ziwa, pamoja na mama mmoja mchuuzi wa samaki, Mama Awuor, ambaye angevuka asubuhi kama mimi. Aliniona nakipepea kiboksi kwa kofia.

"Nini hiyo inasikia joto?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka mwiba wa samaki ukamkwama, ikabidi ameze tonge la ugali kavu. Nikalala chumba cha kukodi, kiboksi juu ya meza, mbali na godoro.

Juu ya feri

Asubuhi upepo ulikuwa mzuri, nikaona nikunjue kitambaa kadi ikauke vizuri. Kosa. Mama Awuor alikuwa ameshawasimulia watu.

"Huyo ndio yule," akasema. "Ako na gari ya miaka tisa na hajawahi kuishika."

Wakajaa. Mzee mmoja aliyekuwa zamani dereva wa basi akainama, akatazama yale mapezi, akasema, "Hiyo ni Eldorado! Hamsini na tisa!" Nilitaka kumkumbatia. Kisha akaharibu. "Fungua tuone kama boneti inafunguka."

"Haifunguliwi, Mzee."

"Boneti?"

"Plastiki."

"Imekwama? Mimi niko na wembe."

"Haijakwama! Hatufungui. Ndiyo kanuni."

"Sasa unajuaje kama magurudumu yanazunguka?" akauliza kijana wa kanisa aliyebeba gitaa.

"Yanazunguka."

"Umeona?"

Sikuwa nimeona. Nilijibu kwamba imani si lazima ione, na yule kijana akasema amina, akidhani nimempa nafasi ya kuhubiri. Alihubiri mpaka tukaona nyumba za Mbita. Mama Awuor akanigonga bega wakati wa kushuka.

"Baba, ni kama umeoa bibi ukamweka kwa dirisha ya duka," akasema. "Pole ya huyo bibi."

Nikamwambia ni kweli hajui chochote kuhusu kukusanya. Akakubali kwamba hajui, akaenda zake na makarai yake akicheka bado.

Mbita hadi Sena

Hii nitaifupisha. Boti ya Mfangano ilikuwa ndogo, ziwa lilikuwa limeamka vibaya, na maji yakaturukia tangu tuondoke mpaka tufike. Kiboksi nilikitia chini ya kanzu, juu ya tumbo, nikavaa jaketi la kuokolea juu yake. Mguu wa ng'ombe niliufungia kwenye boya. Mama mmoja akaniuliza ni miezi mingapi. Nikamwambia tisa, ila ni miaka.

Kwa Mhandisi

Pale Sena, tulipotua Mfangano, nikauliza Bwana Mhandisi anakaa wapi, yule wa injini. Wakanielekeza kwenye kibanda cha mabati juu ya mchanga. Ndani kulikuwa na mwanamke wa kama miaka arobaini, ameinamia injini ya boti, grisi mpaka kwenye viwiko.

"Hujambo, mama. Bwana Mhandisi yuko?"

"Ndio mimi," akasema. "Wewe ni Idi wa Kaloleni. Karibu, nilikungoja jana."

Miezi minane nimemwandikia Bwana. Nimemwandikia kaka yangu. Sikukuu ya Idi nilimwandikia, nisalimie mkeo. Nikasimama pale nimeshika tumbo langu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekosa hizo salamu?" akasema. "Mume wangu alicheka siku mbili. Alisema nikujibu, mke wangu hajambo, ila miguu inamuuma."

Jina lake ni Auma. Alipouona mguu wa ng'ombe akamwita mume wake auchukue, sufuria likainjikwa nje, na kwa desturi ya pale hatukuanza mazungumzo ya gari mpaka nimekunywa chai ya maziwa na kula mandazi matatu. Mwisho nikashindwa, nikakitoa kiboksi nikamwambia yote: msiba, godoro, mashangazi, kona.

"Kona imekunjika kidogo," nikasema. "Na plastiki imebonyea. Lakini haijafunguliwa, naapa. Kama huitaki nitaelewa. Ila nakuomba, kwa ajili ya mzee wangu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akanusa ukingo wa plastiki. Kisha akachukua bisibisi mezani, akaitia chini ya ganda, na rrrap!

Nilipiga kelele. Mume wake alikuja mbio akidhani ni nyoka.

Auma alikuwa amefumba macho, pua ndani ya plastiki. "Miaka tisa!" akasema. "Idi, njoo unuse. Hii ni hewa ya miaka tisa." Akaitoa Eldorado yangu, akaisukuma juu ya meza, akaweka sikio karibu na magurudumu. "Ekseli ya mbele iko sawa. Ya nyuma imekaza, hii haijawahi kuzunguka tangu izaliwe, maskini." Na ile kadi, ile kadi niliyoihangaikia siku mbili, akampa mume wake, naye akaisukuma motoni chini ya sufuria.

"Umeniuliza maswali miezi minane!" nikafoka. "Imefunguliwa, haijafunguliwa! Harufu imetoka, haijatoka!"

"Ndio. Sikutaka mtu mwingine anifungulie. Hiyo ndio raha yenyewe." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani wewe huwa unafanya nini nazo?"

Hapo nikapata wazo baya. "Na Bel Air yangu? Iko wapi?"

Akafungua sanduku la vyombo. Akaitoa katikati ya spana, akaifuta kwa shati, akaniwekea kiganjani. Rangi ya yai la bata. Haina kadi. Haina plastiki. Kwenye paa jeupe, mikwaruzo mirefu ya spana.

"Hii imefunguliwa," nikasema.

"Muda mrefu."

"Hukuniambia!"

"Hukuuliza."

Na ni kweli, wenzangu. Yeye aliniuliza maswali zaidi ya hesabu, mimi sikumwuliza hata moja. Nilidhani mtu anayeuliza vile, zake zote zimefungwa kama zangu. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nikamwambia nimeacha baba mgonjwa, nimechinja ng'ombe wa watu, nimeloa, nimehubiriwa, na sasa nitarudi Kaloleni na chuma kilichokwaruzwa. Nitakiweka wapi kwenye kabati langu?

Auma hakupandisha sauti. "Uliniandikia ni ya mzee," akasema. "Anakaa kabatini?"

Nikaitazama ile Bel Air kiganjani.

"Hiyo grisi ya zamani ilikuwa imeganda," akaendelea. "Nimeitoa yote kwa pini, nikatia mafuta mapya, kazi ya jioni nzima. Nilisema mkono wa mzee hauna nguvu, gari lisimsumbue. Jaribu."

Nikaliweka mezani nikaligusa kwa ncha ya kidole. Likaenda lenyewe mpaka kwenye kikombe cha chai, kimya kabisa. Nyama ilipoiva tukala, ikawa tamu sana, na sikuzungumzia kadi tena.

Kurudi Kaloleni

Kurudi hakukuwa na kisa. Feri ilikuwepo. Odhiambo alinichukua Luanda Kotieno, na tulipokaribia lile boma nikamwambia akipunguza mwendo naruka. Hakupunguza. Bel Air nilikuwa nimeitia mfukoni tu, pamoja na funguo na tasbihi.

Nilifika alasiri imeshapita. Rehema alikuwa amesimama mlangoni amezuia njia kwa mwili wake, na baba mbele yake, kofia kichwani, anapapasa mifuko.

"Nipishe, mwanangu," anamwambia. "Daktari ana wagonjwa. Gari sijui nimeliacha wapi."

Nikamshika mkono, nikamkalisha, nikamwekea kigari kiganjani. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Mbita, yote yakanipotea.

Baba alilitazama kwa muda mrefu. Akaligeuza akakagua tairi, moja moja, zote nne. Akalisukuma kidogo juu ya goti, likaenda. Akafuta boneti kwa mkono wa shati. Kisha akafika kwenye paa, na kidole chake kikasimama.

"Nani amekwaruza paa?"

Rehema akanitazama. Nimeikimbia sentensi hiyo miaka hamsini.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Nisamehe. Nilipanda juu nikateleza."

Aliinua macho. Sijui aliona nini, kwa maana nina mvi mpaka kidevuni, lakini alinitazama jinsi anavyotazamwa mtoto.

"Umeumia?"

"Hapana, Baba."

"Basi nenda ukacheze," akasema. "Daktari nitamwambia ni mimi. Nitasema niligonga tawi."

Akainuka, akaliegesha Bel Air dirishani, kitako ukutani, pua nje, kama alivyokuwa akiegesha siku zote ili asubuhi asipate shida ya kutoka. Akatundika kofia msumarini. Akamwomba Rehema chai.

Hajatoka tena kulitafuta. Jioni huenda dirishani, akaliona lipo, akarudi kukaa. Mimi usiku ule niliingia chumbani nikalia kabatini mwangu, uso kwenye kanzu, Rehema asinisikie. Kisha nikatafuta bisibisi.

Nimevifungua kumi na viwili mpaka sasa. Mzee anasema ekseli zote zimekaza, na kwamba dereva aliyekuwa nazo kabla yake hakuwa dereva.